Binti aliyekataa kuwa wa kwanza

Mzee mmoja wa Kwakoa, wilaya ya Mwanga, aliipokea ripoti ya shule ya binti yake, akaisoma mara mbili, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni bila kusema neno. Binti alikuwa darasa la sita. Tangu alipoanza darasa la kwanza hakujua nafasi nyingine isipokuwa ya kwanza. Mtihani wa kufunga darasa la tano alishika nafasi ya tatu, wakasema ni bahati mbaya. Sasa, katikati ya darasa la sita, amekuwa wa tano.

Nyumba ikaingia wasiwasi. Mama alianza kuangalia nani anatembea na binti njiani wakati wa kurudi shule. Shangazi, aliyekuja kuazima ungo, alisema mtoto amepigwa jicho na watu wasiopenda maendeleo ya wenzao. Baba yeye aliwaza mambo ambayo baba wa binti wa miaka kumi na miwili huwaza usiku, akayameza. Asubuhi alikuwa mkali bila sababu. Mbuzi wakichelewa kutoka zizini, kosa la binti. Chai ikikosa sukari, kosa la binti. Na binti, ambaye tangu zamani alikuwa mtoto wa maneno machache, akazidi kunyamaza.

Siku moja mwalimu wake alimwita baba shuleni. Hakuwa na kesi ya kumsomea. Alimwonyesha karatasi ya hisabati. Maswali manne ya mwisho yalikuwa matupu, hata alama ya penseli hakuna. "Mzee, maswali haya haya," mwalimu alisema, "nilimkuta kesho yake anawafundisha wenzake chini ya mkwaju. Alikuwa anayajua yote. Huyu mtoto hashindwi. Huyu mtoto anakataa."

Baba alirudi nyumbani akiwa na neno hilo moja kichwani. Anakataa. Anakataa nini? Alimwita, akamuuliza kwa upole, binti akatazama chini. Akamuuliza kwa ukali, binti akalia. Fimbo ilikuwa pale ukutani, na baba mwenyewe alikiri baadaye kwamba siku ile aliitazama zaidi ya mara moja.

Mwezi wa tisa ndipo mjomba wa binti alipokuja kutoka Moshi kuwasalimia. Mjomba huyu ana historia yake. Ujana wake aliutumia akiwa kedi katika uwanja wa gofu, yaani yule anayembebea mchezaji mfuko wa fimbo na kumwonyesha upepo unakoelekea. Hakupata utajiri, lakini alipata masikio. Kedi hutembea na mchezaji saa nne au tano, na katika saa hizo husikia mengi: biashara, ndoa, magonjwa, na habari za wachezaji wakubwa wa dunia.

Jioni ile, sinia la makande likiwa katikati, baba alimweleza shemeji yake yote. Binti alikuwa jikoni anakosha vyombo, na kama ilivyo katika nyumba zetu nyingi, ukuta wa jikoni hauzuii maneno. Mjomba alisikiliza hadi mwisho, akanawa mikono, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Shuleni kwao, mtoto akiwa wa kwanza anafanywa nini?"

Mama alijibu kwamba siku ya kufunga shule, tangu alipokuja mwalimu mkuu mpya, mwanafunzi wa kwanza wa kila darasa kuanzia la tano husimama mbele ya wazazi wote na kutoa hotuba fupi ya shukrani. Mjomba akatabasamu. "Basi nimeujua ugonjwa," alisema. "Ngojeni niwape habari ya Mswidi mmoja."

Mswidi huyo ni Annika Sörenstam. Alizaliwa Oktoba 9, 1970, akakulia Bro, mji mdogo karibu na Stockholm. Kwanza alicheza tenisi. Alipofika miaka 12 akaanza gofu pamoja na mdogo wake, Charlotta. Seti ya kwanza ya fimbo waligawana: Annika alichukua zenye namba witiri, Charlotta akachukua zenye namba shufwa. Hapo mama wa nyumba alicheka, kwa sababu wanawe wawili nao wanagawana begi moja.

Katika gofu, anayeshinda ni yule anayetumia mikwaju michache zaidi kuingiza mpira katika mashimo yote. Uwanja kamili una mashimo 18, na viwanja vingi humpimia mchezaji hodari mikwaju kama 72. Basi huyu Annika, akiwa bado msichana, alikuwa na kipaji ambacho kila mtu alikiona. Lakini kila mashindano yalipokaribia mwisho na yeye akiwa anaongoza, alianza kukosa mipira midogo ya karibu kabisa na shimo. Mipira ambayo hata mtoto angeiingiza. Akamaliza wa pili.

Alikuwa anafanya makusudi. Mshindi alitakiwa kusimama na kutoa hotuba, na Annika alikuwa na haya kiasi kwamba heri akose kombe kuliko kushika kipaza sauti. Makocha waliligundua jambo hilo. Hawakumpiga wala kumwita mvivu. Walichofanya ni kubadili utaratibu: siku ile wa kwanza na wa pili wote walitakiwa kuzungumza. Annika akapiga hesabu zake. Kama hotuba ipo ukishinda na ipo ukishindwa, basi afadhali ushinde.

Jikoni sauti ya vyombo ilikuwa imekoma.

Mjomba aliendelea, sasa akijua ana msikilizaji wa tatu. Msichana yule alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Arizona huko Marekani, na mwaka 1991 akawa bingwa wa gofu wa vyuo vikuu vya nchi ile kwa wanawake. Alipotaka kuingia katika ligi kubwa ya wanawake ya Marekani, LPGA, alikosa nafasi kamili kwa mkwaju mmoja tu. Hakurudi nyumbani kulalamika. Mwaka 1993 alicheza Ulaya na kuchaguliwa mchezaji mpya bora wa mwaka. Mwaka uliofuata akachaguliwa hivyo hivyo Marekani. Na mwaka 1995, ushindi wake wa kwanza katika ligi hiyo ulikuwa kwenye mashindano makubwa kuliko yote ya wanawake, U.S. Women's Open. Mwaka 1996 akalitwaa tena.

Machi 16, 2001, katika uwanja wa Moon Valley mjini Phoenix, alimaliza mashimo 18 kwa mikwaju 59. Hakuna mwanamke aliyekuwa amefanya hivyo katika mashindano rasmi ya ligi yake. Mashimo manane ya mwanzo yote aliyamaliza kwa mkwaju mmoja pungufu ya kile kinachotakiwa. Na mmoja wa wachezaji waliokuwa naye kundi moja siku ile alikuwa Charlotta, mdogo wake waliyegawana fimbo, ambaye ndiye aliyekuwa ametwaa kombe hilo hilo mwaka uliotangulia.

Mei 2003 alifanya jambo lililozungumzwa duniani kote. Alikubali mwaliko wa kucheza na wanaume katika mashindano ya Colonial, huko Fort Worth, Texas. Mwanamke wa mwisho kucheza katika ligi ile ya wanaume alikuwa Babe Zaharias, mwaka 1945. Baadhi ya wanaume walimpinga waziwazi. Kamera zilimfuata kila alikokwenda, yule msichana aliyekuwa anaogopa kusema asante. Alipiga mikwaju 71 siku ya kwanza na 74 siku ya pili, akakosa kuendelea na siku mbili za mwisho. Aliondoka machozi yakimlengalenga, lakini watu walisimama kumpigia makofi. Alipostaafu mwaka 2008 alikuwa na ushindi 72 katika ligi ya LPGA, kumi kati ya hizo zikiwa ni zile ziitwazo kubwa.

"Hivyo aliponywa haya?" baba aliuliza.

"Hapana, shemeji," mjomba alijibu. "Mgeni aliyenisimulia, Mswidi mwenzake, aliniambia kwamba yule mama mpaka leo ni mtu mtulivu. Hakugeuka kuwa msemaji. Alichokataa ni kulipia ukimya wake kwa makombe yake."

Maneno hayo yalimwingia baba mahali ambapo mjomba hakukusudia.

Watu husema kwa utani kwamba Mpare akikosa kesi hununua. Lakini baba huyu ni Mpare wa aina nyingine. Miaka kumi na mitano iliyopita, ukoo ulipokaa kugawana mashamba ya marehemu baba yake, yeye alikuwa na haki ya kipande kizuri kilicho karibu na maji. Kila aliyekuwapo alijua. Ndugu mmoja alisimama, akazungumza kwa ufasaha, akataja mababu, akapiga mifano, na kipande kile kikawa chake. Mwenyekiti wa kikao akauliza kama kuna mwenye neno. Baba alikuwa na neno. Lilikuwa tayari kooni. Akatazama nyuso za wazee, mikono ikatoka jasho, akasema: "Sina neno." Mpaka leo mahindi yake huyalima kwenye ardhi kavu inayosubiri mvua ambayo Kwakoa haiji kwa kuzoea, na jioni huwaona watoto wa ndugu yake wakimwagilia mboga pale pale.

Hakuwa amewahi kumsimulia mkewe kwamba siku ile alinyamaza kwa woga. Mkewe alidhani alinyamaza kwa hekima.

Usiku ule alimsimulia. Na kesho yake asubuhi, kabla ya shule, alimwita binti chini ya mti, akamsimulia na yeye. Mtoto wa Kiafrika hajazoea kusikia baba yake akisema "niliogopa." Binti alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema yake.

Mwaka jana, darasa la tano, mwezi wa sita, alikuwa wa kwanza akasimama kutoa hotuba. Baba siku hiyo alikuwa mnadani na mama alikuwa na mgonjwa, kwa hiyo hawakuona. Sauti haikutoka. Alifungua kinywa, ikatoka sauti nyembamba kama ya mbuzi mdogo. Mvulana mmoja nyuma akaitikia kwa mlio wa mbuzi, na mkutano mzima, wazazi na watoto, ukacheka. Kwa miezi wakamwita Kambuzi. Akaamua kwamba hatasimama pale tena, na njia pekee aliyoiona ilikuwa kuacha maswali wazi.

"Kwa nini hukutuambia?" baba aliuliza, na hapo hapo akajua jibu. Watu wasioweza kusema jambo dogo mbele ya mia hawawezi pia kusema jambo kubwa mbele ya wawili.

Hapa wazazi wawili walitofautiana, na tofauti yao ni ya kweli, si ya kupuuzwa. Mama alisema mtoto aachwe. Si kila mtu aliumbwa kwa jukwaa. Wapo wanaosema na wapo wanaofanya, na dunia inawahitaji wote. Aende shuleni aombe binti asamehewe hotuba, basi, arudi kwenye nafasi yake. Baba alikubali nusu. Mtoto kuwa mkimya si kosa, wala si ugonjwa wa kutafutiwa dawa. Lakini mwakani ni darasa la saba. Baada ya hapo, Mungu akipenda, sekondari, mbali na nyumbani. Atakutana na daktari wa kumweleza maumivu, mwajiri wa kumweleza anachojua, na pengine, siku moja, kikao cha ukoo. Nani atakwenda kumwombea msamaha kote huko?

Walichokubaliana kilikuwa kidogo. Baba alikwenda kumwona mwalimu, akamweleza habari ya Kambuzi na habari ya Mswidi. Mwalimu alishika kichwa. Hakuwa amejua kuwa kicheko cha dakika moja kilizaa karatasi tupu za mwaka mzima. Alizungumza na mwalimu mkuu, na utaratibu ukabadilika. Wa kwanza, wa pili na wa tatu wote watazungumza, kila mmoja sentensi tatu tu. Anayetaka kusoma kwenye karatasi, asome. Na kabla ya siku yenyewe, kila Ijumaa watafanya mazoezi darasani, kila mtoto kwa zamu, ili kusimama kuwe kazi ya wote na si adhabu ya anayefaulu.

Nyumbani, mjomba alipiga simu kila Jumapili. Wakati mwingine alimpa mpwa wake habari nyingine za gofu, kwa sababu binti alikuwa ameanza kuuliza. Alimwambia kwamba si mchezo wa Wazungu peke yao: Tanzania wapo kina Madina Iddi, Hawa Wanyeche, Angel Eaton na Neema Olomi, ambao majina yao yamesomwa mara nyingi kwenye kurasa za michezo. Alimwambia kwamba hapo jirani Kenya, Vipingo katika kaunti ya Kilifi, mwaka 2019 yalianza kuchezwa mashindano ya wanawake wa kulipwa wa ligi ya Ulaya, na kwamba mwaka 2024 yalichukuliwa na Shannon Tan, msichana wa miaka 19 kutoka Singapore. "Naye alitoa hotuba?" binti aliuliza. Mjomba akacheka. "Kombe halibebwi kimya kimya, mama."

Ikafika Desemba. Matokeo yalibandikwa ukutani: binti alikuwa wa kwanza. Hakuna swali lililoachwa wazi.

Siku ya kufunga shule baba na mama walikaa mstari wa pili. Ingependeza kuandika kwamba binti alizungumza kama mbunge. Haikuwa hivyo. Alisimama, karatasi ikimtetemeka mkononi. Sentensi ya kwanza aliisema vizuri: aliwashukuru walimu. Ya pili ilitoka kwa sauti ndogo: aliwashukuru wazazi. Ya tatu ilipotea kabisa. Aliitafuta kwenye karatasi, hakuiona, akasimama pale kwa muda ambao kwa baba yake ulikuwa mrefu kuliko kiangazi. Kutoka nyuma mtu alianza mlio wa mbuzi, mwingine akamnyamazisha. Binti akasema, "Basi, ni hayo," akaketi. Watu wakapiga makofi, ya kawaida tu, kama waliyowapigia wengine.

Alipoketi alikuwa anatabasamu kama mtu aliyevuka mto uliojaa akaona viatu bado viko mguuni.

Baadaye ulifuata mkutano wa wazazi, na mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno kuhusu mchango wa chakula cha wanafunzi. Kwa miaka yote mzee huyu alikuwa haijapata kuonekana mkono wake juu. Siku ile aliunyoosha. Alisema sentensi nne, mbili kati yake akizirudia. Shamba lake la karibu na maji halikurudi kwa sababu hiyo, na pengine halitarudi. Lakini mkewe anasema njiani kurudi nyumbani alitembea kama kijana.

Kule juu milimani, wazee wa Upareni walijenga ndiva, mabwawa ya kukusanya maji ya kijito usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani. Maji ya ndiva ni mengi na hayana kelele. Lakini ndiva isiyofunguliwa haioteshi hata mche mmoja. Kuna watoto wa namna hiyo katika nyumba nyingi. Mzazi anapoona mtoto mwerevu ameanza kushuka, kabla ya fimbo na kabla ya kumsingizia jirani jicho, ni vizuri amuulize swali la mjomba: ukishinda, unafanywa nini? Huenda kinachomtisha si kushindwa. Huenda ni kile tulichokiweka mbele ya ushindi.

Annika mwenyewe, baada ya kustaafu, aliolewa na Mike McGee mwaka 2009, akapata watoto wawili, Ava na Will, na kwa miaka mingi akakaa mbali na mashindano akilea. Mwaka 2021, akiwa na miaka 50, alirudi kucheza U.S. Senior Women's Open, mashindano ya wanawake waliofikia umri huo, na akashinda kwa mikwaju minane. Kedi wake siku hiyo alikuwa mumewe, na watoto walikuwapo. Mwisho wake, bila shaka, palikuwa na kipaza sauti kikimngoja.

Kwakoa, karatasi yenye sentensi tatu bado imebandikwa ukutani karibu na kitanda cha binti. Ya tatu, ile iliyompotea, inasema: "Namshukuru na mjomba."